Kizibo cha Saba

Kipofu akisema amesikia kitu, watu wanamwamini haraka, kana kwamba masikio yake yametoka kiwanda kingine. Akisema amesikia mtu, na wao hawamwoni mtu huyo, wanamshika mkono na kumtafutia kiti. Mimi nilishikwa mkono mara mbili ndani ya wiki mbili, na mara ya pili nikaapa haitakuwapo ya tatu. Kiapo hicho kidogo nusura kimuue dada yangu.

Nieleze kwanza kazi yangu, maana wengi wakisikia najitolea kwenye michezo hudhani naimba watu wakipumzika. Kila Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kituo cha jamii, tunacheza mpira wa kengele. Wachezaji ni sita, watatu kila upande, wanaoona na wasioona wamechanganywa, na wote wanafungwa vitambaa vyeusi machoni ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Mpira una njuga ndani. Unaviringishwa sakafuni kwa nguvu, na wa upande wa pili wanajilaza kuuzuia kwa kuusikia tu. Mistari ya uwanja ni kamba iliyopitishwa chini ya utepe, unaipapasa kwa vidole ujue ulipo. Ukumbi mzima unanyamaza. Nimeambiwa kwamba anayekohoa hutazamwa kama mwizi.

Wanaouendesha mchezo ni sisi wenyewe walemavu. Mwamuzi ni kiziwi, tunamwita Kipenga, kwa sababu anakipuliza kwa nguvu za mtu ambaye hakijawahi kumuumiza masikio. Anachezesha peku, apate kuusikia mpira kwa nyayo. Mimi wananiita Karani. Nakaa mlangoni na makopo mawili ya maziwa ya unga na vizibo vya soda. Kila anayeingia, awe mchezaji au mgeni, anagonga mwimo wa mlango mara moja, nami natia kizibo kwenye kopo la kushoto. Akitoka anagonga tena, nakihamishia kopo la kulia. Mimi na Kipenga hatujihesabu. La kushoto likiwa tupu nafunga ukumbi kwa ufunguo ninaouvaa shingoni, namtajia mlinzi wa getini idadi, naye anaiandika. Ukumbi ukishafungwa haufunguliwi mpaka Jumatatu.

Huko kwingine kote duniani mimi ndiye ninayehesabiwa. Watu husema, tuko wanne, na yule. Pale mlangoni mimi ndiye ninayehesabu. Nilikipenda kiti kile kuliko kitanda changu, sioni aibu kusema.

Aliyenikalisha hapo ni Fundi. Alikuwa fundi viatu, mguu mmoja mfupi, gongo kwapani, ulimi mkali. Ndiye aliyeuanzisha mchezo, akashona mpira wa kwanza kwa mkono wake na kutia njuga za mbuzi. Mikono yake ilikuwa imejaa vitu siku zote, kwa hiyo hakugonga mwimo kwa vidole kama wengine. Aligonga kwa gongo, chini, karibu na goti, na mpira wa nchani mwa gongo ukatoa sauti nzito isiyofanana na nyingine. Alinuka gundi ya viatu hata siku ya sikukuu. Nilipolalamika kwamba kuhesabu watu sita ni kazi ya mtoto, alinijibu mara moja tu.

"Karani, hesabu hii si ya meneja. Ni ya kumwambia mtu kwamba hatuondoki bila yeye."

Alianguka katikati ya mchezo. Wakamtoa kwa mlango wa dharura, ule wa ubavuni, kwa kuwa gari la wagonjwa lilisimama upande huo. Alikata roho njiani. Jioni ile kopo la kushoto lilibaki na kizibo kimoja. Sikujua pa kukiweka. Kukihamisha kulia ungekuwa uongo, kukitupa sikuweza. Nikakifunga kwenye pindo la leso, nikafunga ukumbi.

Tulipumzika mwezi mzima, kisha tukarudi. Jumamosi ya kwanza waligonga sita, nikatia vizibo sita. Wakati nimeshaweka mkono juu ya kopo, mwimo ukagongwa tena, chini, karibu na goti langu.

Sikushtuka, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Mkono ulitia kizibo cha saba wenyewe, kwa mazoea. Kisha nikasikia gongo likipita mbele yangu, likifuata kamba ya ukingoni mpaka nyuma ya goli la mbali, mahali alipopenda kusimama, na hewani ikabaki harufu ya gundi.  Mchezo ulipoisha waligonga sita. Kopo la kushoto likabaki na kimoja.

Nilimtajia mlinzi nilichosikia: walioingia saba, waliotoka sita. Yeye na wachezaji wakaingia ukumbini kutafuta, wakapekua hata chini ya mikeka ya stoo, na karatasi ya Kipenga, anayoandikia waliohudhuria, ilisema sita. Jumamosi iliyofuata yakawa yaleyale. Safari hii nilimshika Kipenga kabla ya kutoka. Mimi na yeye huzungumza kwa viganja. Namba ni idadi ya vidole anavyonibonyeza. Nikamwuliza wangapi.  Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Akanibonyeza saba, moja moja, halafu akanikunja vidole vyote vikawa ngumi, akaishika ngumi ile kwa mikono yake miwili. Nikaelewa kwamba nyayo zake zilikuwa zimesikia gongo kama nilivyolisikia mimi, na kwamba karatasi yake itaendelea kusema sita.

Meneja aliniita ofisini. Alianza kwa kusema wananipenda sana, na mtu akianza hivyo ujue umekwisha. Akanieleza kwa upole kwamba jengo lina kanuni, kwamba idadi isiyolingana ni jambo zito, na kwamba ikitokea mara ya tatu atamweka mlangoni mtu anayeona, mimi nitafutiwe kazi nyepesi. Kazi nyepesi ni kukaa na kutabasamu wageni wakija. Naijua, nimeifanya miaka mingi.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Ninaishi kwa dada yangu mkubwa na mumewe, na Dada hajawahi kuupenda mchezo wetu. Siku hiyo alikuwa akikunja nguo, nasikia anazipiga piga kuliko zinavyohitaji.

"Mimi nakuuliza tu," alisema. "Utamsaidiaje mtu, nawe mwenyewe unashikwa mkono kuvuka barabara?"

Nilimjibu maneno nisiyoyarudia hapa. Tukanuniana zaidi ya mwezi, tukipeana chumvi mezani kama watu wa nyumba mbili tofauti. Lakini maneno yake yalinikaa moyoni kama mfupa, kwa sababu nilijua nikipoteza kiti kile nitakuwa nimemthibitishia.

Kwa hiyo nikadanganya. Vizibo vikifika sita nilifunika kopo kwa kiganja na kuanza kuimba kichwani. Kikigongwa kitu chochote baada ya hapo, mimi sipo. Mchezo ukiisha nilihesabu sita wanaotoka, nikafunga, nikasema sita, mlinzi akaandika sita, meneja akafurahi. Mara nyingine, nikiwa nazungusha ufunguo, njuga zililia huko ndani ya stoo, kidogo tu, kama mtu anayeuokota mpira na kuuweka. Niliimba kwa nguvu zaidi. Nilifanya hivyo Jumamosi nne mfululizo, na nilikuwa hodari. Mtu anaweza kujifunza kutosikia kama anavyojifunza kitu kingine chochote.

Jumamosi ya tano ilikuwa ya kawaida. Waligonga sita, nikafunika kopo. Mchezo ulikuwa mkali, upande mmoja ukashinda kwa goli moja, Kipenga akatutoboa masikio. Wachezaji walitoka wakibishana, nikavihamisha vizibo vyote sita. Kipenga alinigusa bega kuniaga, akanibonyeza kitu kiganjani haraka haraka, kitu kama tabasamu, akaondoka na wachezaji kuelekea kituo cha basi. Nikabaki peke yangu kama kawaida. Nikavuta mlango, nikatia ufunguo.

Njuga zikalia stoo. Mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa nguvu. Mara ya tatu.

Nikazungusha ufunguo. Nikaenda getini nikasema sita.

Nyumbani ni mitaa minne kutoka kituoni, nikitembea na fimbo yangu ni robo saa. Nilifika nikamkuta Shemeji peke yake mezani. Akanisalimu, halafu akasikiliza nyuma yangu, kama mtu anayengoja mlango ufunguke mara ya pili.

"Dada yako umemwacha wapi?"

Nikamwambia sijamwona, na kwa hasira nikaongeza kwamba mimi simwoni mtu yeyote. Hakucheka. Akanieleza kwamba Dada alitoka saa nane kasorobo kuja kunitazama mchezoni. Alitaka kunishtukiza. Alikuwa amesema amechoka kununiwa, na kwamba kabla hajasema tena neno kuhusu kazi yangu, aende aione kwanza. Tungerudi pamoja. Alikuwa ametoka kwa haraka mpaka akasahau dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta mdomoni, ipo hapo mezani.

Sikuketi. Miguu ilianza kukimbia kabla sijaiamuru. Niliipapasa meza, nikaipata dawa, nikatoka. Nyuma yangu Shemeji alikuwa akiuliza kuna nini huku akitafuta viatu.

Njia nzima nilikuwa najipangia mambo yalivyokwenda, na kila nilipopanga yalikaa sawasawa. Dada aliingia nyuma ya wachezaji akagonga mwimo kama alivyoona wenzake wakigonga, nami nilikuwa nimefunika kopo nikiimba. Kipenga alimwona; Dada akaweka kidole mdomoni, kwamba asinitobolee siri. Ndilo lile tabasamu la kiganjani. Mchezo ulipoisha Dada, ambaye hawezi kuona kitu hakijapangwa asikipange, akaubeba mpira na mkeka kwenda stoo. Mlango wa stoo una springi na komeo la nje linalojifunga lenyewe. Sisi tunaojua hutia pale chini kabari, kipande cha soli ya kiatu alichokikata Fundi. Mgeni hajui. Na stoo ile ina vumbi la mikeka ambalo hata mimi mwenye mapafu ya farasi hunikaba. Mwenye pumu akikabwa hawezi kupiga kelele. Anachoweza ni kutikisa kitu kilicho karibu na mkono.

Alitikisa mara tatu. Nilisikia zote.

Getini mlinzi aliniuliza kama nimesahau kitu. Nilipita bila kumjibu. Niliutia ufunguo kwa mikono miwili. Mlango ulipofunguka nilitegemea kusikia kimya, na nilikuwa nikijiuliza nitaishije baada ya kimya hicho.

Nilisikia mpira. Haukuwa ukitikiswa. Ndani ya stoo ulikuwa unaviringika polepole, unafika, unatulia, kisha unarudi. Unakwenda, unarudi. Nimeusikia mpira ule kila Jumamosi kwa miaka sita. Ukigonga ukuta unalia vikavu na kuruka. Huu haukuwa ukigonga ukuta. Ulikuwa unapokewa.

"Dada," niliita.

Mpira ulisimama. Nilivuta komeo. Ndani kulikuwa na joto na vumbi, na chini kabisa pumzi inayopiga mluzi. Nilimfuata kwa magoti, nikaupata uso wake umelowa, nikamtia dawa mdomoni. Alivuta, akavuta tena. Nikamshika mgongo nikihesabu kila pumzi mpaka mluzi ukaanza kupungua. Alipopata sauti, hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Mtoe na yeye," alisema. "Ni mtu mzima."

"Nani, Dada?"

"Huyu baba. Amekaa hapo mbele yangu, pembeni ya mikeka." Mkono wake ulinyooka gizani, nikausikia ukishika hewa. 

Aliniambia baadaye kidogo, kwa vipande, huku tumekaa pale kizingitini mwa stoo. Mlango ulipojifunga lilikuwa giza tupu na kifua kikambana palepale. Alitikisa mpira mara tatu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akasikia ufunguo ukizunguka. Basi akajua ndiyo mwisho. Ndipo mpira ukatolewa mkononi mwake, taratibu, ukarudishwa miguuni pake. Akadhani ni mchezaji aliyefungiwa naye. Mtu huyo alimwambia auviringishe, atoe pumzi ukienda, avute ukirudi, asifikirie kingine. Walifanya hivyo muda wote. Alikuwa ananuka gundi.

"Nikamwuliza kama tutafunguliwa kabla ya Jumatatu," alisema Dada. "Akaniambia nisiogope. Karani hamwachi mtu ndani."

Nimewahi kutukanwa, tena na mabingwa. Hakuna tusi lililowahi kunipiga kama neno lile. Nililia pale sakafuni bila kujificha, na nilipoweza kusema nikamwambia Dada ukweli, maana ungeniozea moyoni. Kwamba nilisikia njuga. Kwamba nilisikia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na nilifunga.

 Alivuta dawa mara moja tena.

"Ulidhani ni yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yeye ulikuwa ukimfungia kila wiki."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaka tu kuhakikisha ameelewa. Kwa Jumamosi nne nilikuwa nimejihurumia mimi, kiti changu, ufunguo wangu. Haikunijia hata mara moja kwamba aliyekuwa akitikisa njuga huko ndani alikuwa akiniomba kitu. Mtu yule alitolewa kwa mlango wa ubavuni. Alihesabiwa kuingia, hakuhesabiwa kutoka, na aliyetakiwa kumhesabu alikuwa anaimba.

Nilimsaidia Dada kusimama. Tulipofika mlangoni nilimkalisha kwenye kiti changu, nikayaweka makopo mahali pake. Nilitia kizibo chake kushoto, nikamwambia agonge, akagonga, nikakihamisha kulia. Halafu nikaifungua leso. Kizibo cha Fundi kilikuwa na joto la mwili wangu. Nikakitia kopo la kushoto.

"Fundi," nilisema, "tunafunga."

Dada aliniuliza kwa sauti ndogo nazungumza na nani. Sikumjibu, kwa sababu gongo lilikuwa limeshaanza. Lilitoka stoo, likaifuata kamba ya ukingoni bila haraka, gongo kisha mguu, gongo kisha mguu, likapita goli la mbali, likaukata uwanja. Kucha za Dada ziliingia kwenye mkono wangu. Alikuwa anasikia. Lilikuja mpaka mbele yetu likasimama, na gundi ikanijaa puani mpaka machozi yakanitoka upya. Sikuwa na hofu. Au ilikuwepo, lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi. Nilitaka kumwomba radhi, nikabaki nimeinua kichwa kama mjinga.

Mwimo uligongwa, mara moja, chini, karibu na goti.

Nikakihamisha kizibo. Nikapitisha vidole ndani ya kopo la kushoto mpaka chini kabisa. Lilikuwa tupu.

Nilipomwuliza Dada ameona nini, alisema hakuona mtu. Alichoona ni kwenye vumbi la ngazi, upande wa nje: alama moja ya duara, saizi ya mpira wa gongo, na ilikuwa upande wa barabarani. Shemeji, ambaye mlinzi alikuwa amemzuia, alikuwa akija mbio kutoka getini, na akaikanyaga.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa meneja nikamweleza nilivyodanganya. Habari ya Fundi sikumficha pia, afanye nayo atakavyo. Kipenga alikuja nami, akachora kwenye karatasi namba saba kubwa, akaitia sahihi. Meneja aliuchukua ufunguo. Alisema atafikiria, na mpaka leo anafikiria. Kiti ameniachia kwa sasa, ila mlinzi ndiye anayefunga, baada ya kuikagua stoo kwa macho yake.

Dada sasa anakuja kila Jumamosi, dawa yake mfukoni. Mara ya kwanza aligonga mwimo kama polisi, nikaruka kitini. Akasema hataki kusikiwa kwa kubahatisha. Nilitia kizibo chake, cha saba, na sikufunika kopo. Nikainamisha sikio karibu na goti na kusikiliza, vitambaa vikifungwa, mikeka ikiburutwa, ukumbi ukinyamaza, mpaka Kipenga akapuliza. Hakugonga mtu mwingine. Niliona uchungu kuliko siku ile Fundi alipokufa.